Paka wa Lyon na mstari mmoja wa kwenye desa

Leo sina stori za bumu wala za foleni ya mgahawani. Leo ni historia, tena historia ya paka, na nawaomba wale wa sayansi wasinicheke mtu wa ualimu kuingia kwenye shamba lao. Kuna desa la saikolojia linazunguka vimbweta vyote humu chuoni, limetolewa kopi mpaka herufi zimefifia, na ndani yake kuna mstari mmoja unaosema serotonini ndiyo kemikali ya usingizi. Nukta. Watu wanaukariri, wanakwenda kuumwaga kwenye UE, wanapata maksi zao, maisha yanaendelea.

Sasa basi, mstari huo una historia, na historia yake ni tamu kuliko wenyewe. Ulizaliwa mji wa Lyon, Ufaransa, miaka ya 1960. Ukatamba kama miaka kumi hivi. Mwaka 1976 ukapigwa ngwala, na mojawapo ya ngwala hizo ilitoka humo humo nyumbani kwao Lyon. Na bado haujafa.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Zamani wataalamu wengi waliona usingizi kama kukosekana kwa kitu tu. Ubongo umechoka, habari za macho na masikio zimepungua, taa inazimika yenyewe. Mwaka 1949 Moruzzi na Magoun walionyesha kwamba ukichochea kwa umeme sehemu fulani katikati ya shina la ubongo wa paka, mawimbi ya ubongo yanabadilika papo hapo na kuwa ya mnyama aliye macho. Kumbe kuna mtambo wa kuamsha! Wengi wakamalizia wenyewe: kama kuna mtambo wa kuamsha, basi usingizi ni mtambo huo kupumzika. Mwaka 1953 Aserinsky na Kleitman wa Chicago wakatangaza kwamba mtu aliyelala ana vipindi ambavyo macho yake yanakimbiakimbia chini ya kope. Mwaka 1958 Dement akaonyesha kwamba paka naye ana vipindi ambavyo kalala fofofo huku ubongo wake unatoa mawimbi madogo ya haraka, kama yuko macho.

Hapo ndipo anapoingia Michel Jouvet. Huyu alikuwa daktari, kazaliwa 1925, na kabla ya kujenga maabara yake Lyon alikwenda Marekani kufanya kazi kwa huyo huyo Magoun. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hakuwa anatafuta usingizi. Alikuwa anatafuta mambo ya kujifunza: mnyama akisikia sauti ile ile mara nyingi mpaka akaizoea, ni sehemu gani ya ubongo imezoea? Somo letu kabisa sisi wa ualimu. Alichukua paka walioondolewa gamba la juu la ubongo, na kwa kuwa gamba halikuwepo la kumpa ishara, akaweka elektrodi kwenye misuli ya shingo. Akakaa anasubiri. Kila baada ya muda akaona ajabu: misuli ya shingo inalegea kabisa, mstari wa mashine unakuwa bapa kama maji ya bwawa, wakati huo huo macho yanakimbia na shina la ubongo linarusha cheche. Mwaka 1959 yeye na wenzake wakaitangaza hali hiyo, na Jouvet akaipa jina ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita usingizi kinzani. Ubongo uko macho, mwili umekufa ganzi. Kwake hii haikuwa ngazi nyingine ya usingizi wa kawaida. Ilikuwa hali ya tatu kabisa: kuna kuwa macho, kuna usingizi wa mawimbi makubwa ya polepole (nitauita usingizi mzito, tusichoshane), na kuna huu kinzani.

Mshike hizo hali tatu kwa sababu swali lililofuata ni hili: nani anabadilisha gia?

Jibu la umeme lilikuwa limeanza kuchosha. Seli za neva zinarusha umeme kwa sehemu ndogo sana za sekunde, lakini paka akilala analala dakika na masaa. Kitu kinachokaa masaa kinanuka kemia. Na kemia ilikuwa imefika kwa wakati. Mwaka 1962 Falck na Hillarp, huko Sweden, walipata mbinu ya kufanya baadhi ya kemikali za ubongo zing'ae kwa rangi chini ya darubini: serotonini manjano, noradrenalini na dopamini kijani. Mwaka 1964 Dahlström na Fuxe wakatumia mbinu hiyo kuchora ramani. Seli za serotonini zikaonekana zimejipanga katikati kabisa ya shina la ubongo, pale pande mbili zinapokutana, sehemu inayoitwa rafe, neno la Kigiriki lenye maana ya mshono. Ni jina zuri kweli, maana zimekaa pale kama mshono wa kanzu. Seli nyingi za noradrenalini zikaonekana pembeni kidogo, kwenye kidoa kinachoitwa doa la buluu.

Upande mwingine kulikuwa na dawa. Resepini inatoka kwenye mmea wa Rauwolfia, ambao India walikuwa wakiutumia tangu enzi, na ambao una ndugu zake hata kwenye misitu ya Afrika. Wanakemia wa Ciba, Uswisi, waliitenga mwaka 1952, ikatumika kwa shinikizo la damu na kwa wagonjwa wa akili. Mwaka 1955 ikagundulika kwamba inamwaga akiba ya serotonini ya ubongo, na baadaye kwamba inamwaga noradrenalini na dopamini pia. Yaani ni dawa inayofagia ghala zima.

Mwaka 1964 Matsumoto na Jouvet wakampa paka resepini. Usingizi mzito ukapotea kwa masaa. Kinzani nao ukapotea. Hapo hujui nani ana kosa, maana ghala zima limefagiwa. Ujanja ulikuja kwenye kurudisha. Wakamchoma paka 5-HTP, malighafi ambayo ubongo unaigeuza kuwa serotonini: usingizi mzito ukarudi. Wakamchoma mwingine DOPA, malighafi ya dopamini na noradrenalini: usingizi kinzani ukarudi. Mnaona uzuri wake? Kemikali moja, hali moja. Ningekuwa pale ningeamini pia.

Halafu ikaja PCPA. Hii ndiyo dawa ya historia yote hii. Koe na Weissman, watafiti wa kampuni ya Pfizer, walitangaza mwaka 1966 kwamba inashusha serotonini bila kugusa sana zile nyingine. Njia yake ni hivi. Ubongo unachukua triptofani kutoka kwenye chakula, kimeng'enya kimoja kinaigeuza kuwa 5-HTP, kingine kinaigeuza 5-HTP kuwa serotonini. PCPA inakaa kwenye hatua ya kwanza kama trafiki aliyefunga barabara. Hakuna gari linalopita. Ila 5-HTP ikiingizwa kwa sindano inakuwa abiria aliyepandia mbele ya kizuizi, anafika mjini bila shida.

Paka akipewa dozi kubwa moja ya PCPA, siku ya kwanza haonyeshi dalili kubwa. Akiba ya serotonini inaisha taratibu. Baada ya siku moja hivi usingizi unaanza kupungua, na siku ya pili paka halali karibu kabisa. Fikiria, paka, mnyama anayelala zaidi ya nusu ya maisha yake, amekaa macho kodo! Kisha akachomwa 5-HTP kidogo tu, akalala kwa masaa kadhaa, usingizi mzito na kinzani, mawimbi yote ya kawaida. Dawa ilipokwisha, macho kodo tena.

Jouvet hakuishia kwenye dawa. Wakaharibu seli za rafe kwa upasuaji. Paka aliyeharibiwa nyingi akakosa usingizi sana, aliyeharibiwa chache akakosa kidogo, na kiasi cha serotonini kilichobaki kwenye ubongo kikaenda sambamba na kiasi cha usingizi uliobaki. (Hapa nisimame kidogo. Paka hawa hawakuulizwa, na wengi wao waliishia mezani vichwa vikiwa wazi. Tunayoyajua kuhusu usingizi wetu yamelipiwa na wao. Mimi nasema tu ili anayeyakariri ajue anakariri nini.)

Mwaka 1969 Jouvet akayakusanya yote kwenye makala moja ya jarida la Science. Serotonini ya rafe inaleta usingizi mzito na kuandaa ule kinzani, noradrenalini ya doa la buluu ina mkono wake kwenye utekelezaji wa kinzani. Ukiondoa kwa dawa, usingizi unaondoka. Ukirudisha, unarudi. Ukiua seli, unaondoka. Njia tatu tofauti, jibu moja. Usimcheke mtu aliyeamini hapo. Ushahidi wa namna hii ndio tunaofundishwa kwenye kozi za utafiti kwamba ni wa nguvu.

Lakini nyufa zilikuwepo, na baadhi zilikuwepo mapema. Mwaka 1965 Jouvet na wenzake waliwapa paka dawa zinazozuia kuvunjwavunjwa kwa serotonini na jamaa zake, zile zilizokuwa zikitumika kama dawa za sonona. Serotonini ikapanda, na usingizi kinzani ukafutika kabisa kwa muda mrefu. Hilo uliweke akilini. Mwaka 1969 wagonjwa waliokuwa wakipewa PCPA kama tiba ya uvimbe unaomwaga serotonini walirekodiwa wakiwa wamelala: kinzani ulipungua, lakini usingizi mzito haukutikisika sana. Binadamu hakufanya kama paka.

Ufa mkubwa ukatokea Stanford, kwa Dement yule yule. Yeye aliwapa paka PCPA kila siku badala ya dozi moja. Mwanzoni ikawa kama Lyon, paka hawalali. Na wakawa na vituko: wanakula hovyo, wanapandana bila mpango, wana hasira, na zile cheche za shina la ubongo ambazo kwa kawaida zinaonekana kwenye usingizi kinzani tu zikaanza kutokea mnyama akiwa macho, paka anageuza kichwa kuangalia mahali pasipo na kitu. Lakini baada ya wiki hivi usingizi ukaanza kurudi, sehemu kubwa yake, wakati serotonini bado iko chini kabisa. Sasa kama serotonini ndiyo usingizi, huyu paka analala kwa kutumia nini?

Watetezi walikuwa na jibu: labda serotonini kidogo iliyobaki inatosha, ubongo umeizoea. Sawa, inawezekana. Hoja za dawa ziko hivyo, zina mlango wa nyuma kila wakati.

Kilichofunga mlango hakikuwa dawa. Kilikuwa ni kusikiliza. Mwaka 1976 McGinty na Harper walichapisha matokeo ya paka walioingizwa waya mwembamba mpaka kwenye seli za rafe zenyewe, paka akiwa huru, anatembea, anakula, analala. Kama seli hizi zinaleta usingizi, zinapaswa kupiga kelele paka anapolala. Ilikuwa kinyume. Paka akiwa macho seli zinapiga taratibu kwa mpigo wa saa ya ukutani. Anaposinzia zinapunguza. Kwenye usingizi mzito zinapunguza zaidi. Kwenye usingizi kinzani zinanyamaza, kimya. Mwaka huo huo, maabara ya Lyon, Cespuglio na wenzake wakaipoza rafe kwa baridi ili inyamaze kwa muda bila kuiua. Paka akalala.

Yaani unaiua rafe, paka halali. Unaipoza rafe, paka analala. Soma tena taratibu.

Mimi ilinichukua jioni mbili kwenye kimbweta kupata picha ya kuelewa, na picha niliyopata ni ya bweni. Tuseme shule ya bweni ina mpishi mmoja. Umemfukuza mpishi. Usiku bweni zima halilali, njaa. Unamrudisha mpishi, watoto wanakula, wanalala. Unamfukuza tena, hawalali. Ukiwa mkaguzi unayesoma ripoti ofisini, utaandika kwamba mpishi ndiye anayelaza watoto. Sasa njoo bwenini saa sita usiku umtafute. Hayupo. Kazi yake kaifanya mchana, kafunga jiko, kaondoka. Na akibaki usiku anagongagonga masufuria hakuna atakayelala. Ukimtoa usiku huo tu, watoto wanalala vizuri zaidi. Ukimfukuza mwezi mzima, watoto wanatafuta mihogo kwa jirani, wanalala hivyo hivyo.

Picha hii si yangu peke yangu kwa maana ya wazo lake. Jouvet mwenyewe alielekea huko. Alikubali matokeo ya 1976, na miaka iliyofuata yeye na wenzake wakaanza kusema kwamba serotonini inayomwagwa mnyama akiwa macho inatayarisha mambo ambayo baadaye yataleta usingizi. Wakapima: paka aliyenyimwa usingizi kwa PCPA, wakamtia 5-HTP sehemu ndogo tu ya mbele ya haipothalamasi badala ya kuisambaza ubongo mzima, akalala. Kwa hiyo PCPA haikudanganya. Ilisema ukweli ambao haukuwa jibu la swali walilouliza.

Usingizi kinzani nao ukapata maelezo mapya. Mwaka 1964 tayari George, Haslett na Jenden walikuwa wameonyesha kwamba ukidondosha kabakoli, dawa inayoiga asetilikolini, kwenye sehemu maalum ya shina la ubongo wa paka, anaingia kwenye hali ya usingizi kinzani, misuli imelegea, macho yanakimbia. Mwaka 1975 Hobson na McCarley, wa Harvard, wakaunganisha: kuna seli zinazowasha kinzani, na seli za serotonini na noradrenalini ndizo zinazozikalia kichwani. Hizi zikinyamaza, zile zinaamka. Sasa rudi kwa paka wa 1965 waliopewa dawa za sonona. Serotonini juu, kinzani hamna. Kumbe jibu lilikuwa kwenye daftari la Lyon miaka kama kumi kabla, likasubiri mtu wa kulisoma upande huo.

Huku mitaani mambo hayakusubiri mjadala wa wakubwa. Triptofani, ile malighafi ya mwanzo kabisa, ilikuwa ikiuzwa Marekani bila cheti cha daktari, na wengi walinunua ili walale. Mwaka 1989 ukazuka ugonjwa wa maumivu makali ya misuli na chembe za damu kuvurugika. Wagonjwa walizidi 1,500 na zaidi ya 30 walikufa. Uchunguzi ulielekea kwenye triptofani ya mtengenezaji mmoja wa Japani na uchafu uliokuwa ndani yake, kwa hiyo sio kosa la nadharia na wala sio kosa la Jouvet. Lakini vidonge vile havikufika kabatini kwa watu bila mtu kuwaambia kwamba kuna kemikali ya usingizi na hii hapa ndiyo malighafi yake. Mstari mfupi unauzika. Mstari wenye "lakini" tatu ndani yake hauuziki.

Ndiyo maana sipendi lile desa. Mwaka kesho kutwa sisi ndio tutakuwa ubaoni na chaki, na kidato cha nne watanakili tunachoandika bila kuuliza kimetoka wapi. Tukiandika kwamba serotonini inaleta usingizi tutakuwa tumefundisha mwaka 1969. Tukiandika kwamba serotonini ni ya kuamsha tutakuwa tumefundisha mwaka 1976, na nao una shida zake.

Maana stori haijafika mwisho. Mwaka 1999 Jouvet, akiwa na zaidi ya miaka 70, aliandika makala ya kuangalia nyuma na kichwa chake kikaiita habari ya usingizi na serotonini kuwa ni hadithi isiyokwisha. Alikufa Oktoba 2017. Miaka miwili baadaye, 2019, Oikonomou, Prober na wenzao wa Caltech walichapisha kazi juu ya samaki wadogo wenye mistari ya pundamilia na juu ya panya. Samaki waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza serotonini ya ubongo walilala kidogo kuliko wenzao. Kwa panya, wakazichochea seli za rafe kwa mwanga, na jibu likategemea mpigo. Zikipigishwa polepole na kwa utulivu, panya analala. Zikipigishwa kwa mafungu ya harakaharaka, panya anaamka. Seli zile zile, kemikali ile ile.